Nyundo Ikishagonga: Ni Lini Unaweza Kukomboa Nyumba Iliyopigwa Mnada

Yapo maneno yanayozunguka Mombasa, barazani na kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba benki ikikupigia nyumba mnada bado una siku 90 za kuikomboa. Wengine husema ni miezi 6. Maneno haya yamewapotezea watu nyumba Kisauni, Bamburi na Mikindani, kwa sababu mtu hukaa akitafuta pesa kwa utulivu, akiamini muda anao, kumbe muda wake ulikwisha siku ya mnada wenyewe.

Haki ya kukomboa ipo, na sheria ya Kenya inailinda vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila kwa nyumba iliyowekwa rehani benki, haki hiyo huishi kabla ya nyundo, si baada yake. Mnada wa mahakama una utaratibu wake, na huko kweli kuna nafasi ndogo baada ya mauzo. Mkanganyiko mwingi unatokana na watu kuichanganya minada hii miwili.

Tuanze na maana. Rehani ni ardhi au nyumba unayoishikiza kwa mkopeshaji ili deni lako liwe na dhamana. Kukomboa ni kulipa deni lote linalolindwa na rehani hiyo ili mali ibaki yako bila mzigo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kuweka rehani hakuihamishi nyumba kwenda kwa benki. Mwenye nyumba ni wewe, jina kwenye hati ni lako, na benki ina haki juu yake tu. Anayejua jinsi mama zetu wanavyoweka bangili za dhahabu kwa sonara anajua jambo hili tayari: bangili ni zako hata zikiwa kabatini kwake, na ukileta pesa yake lazima azirudishe. Lakini muda ukipita na akaziuza kwa haki, huwezi kumfuata aliyezivaa harusini ukamwambia azivue.

(Nyumba nyingi za Majengo na Likoni zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi tu. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Hapa tunazungumzia nyumba au kiwanja chenye hati iliyosajiliwa na rehani iliyosajiliwa juu yake.)

Zile siku 90 zinatoka wapi basi? Zipo mbili, na zinafanana kwa hesabu tu. Za kwanza ni miezi 3 ambayo sheria inampa mdaiwa kurekebisha kosa lake, na hizo ziko mwanzoni kabisa mwa safari. Za pili zimo kwenye masharti ya minada mingi ya benki: aliyeshinda hulipa asilimia 25 ya bei papo hapo, kisha hupewa siku 90 kumaliza salio. Siku hizo ni za mnunuzi. Jirani anapoona mnada umepita, mwenye nyumba bado yumo ndani na hati haijabadilishwa jina, husema "bado ana siku 90". Anazo mwingine. Na ile miezi 6 mara nyingi ni habari ya Marekani, ambako baadhi ya majimbo, Michigan likiwa mojawapo, yana sheria ya kumruhusu mdaiwa kukomboa nyumba baada ya mnada. Video inayoeleza sheria ya Michigan haikusaidii kitu mbele ya dalali wa Mombasa.

Sasa hatua zenyewe, kwa sababu kila hatua ina bei yake ya kujiokoa, na bei hiyo hupanda kadiri unavyochelewa.

Ukikosa kulipa na kosa likaendelea kwa mwezi 1, benki inaruhusiwa kukuandikia notisi ya kwanza, ile ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi. Notisi hii lazima iseme umekosa nini, unatakiwa ulipe kiasi gani ili kosa lirekebike, na muda usiopungua miezi 3. Lazima pia ikwambie nini kitafuata usipolipa, na kwamba una haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Isome kwa makini, hasa hapo penye kiasi. Tuseme una salio la mkopo la shilingi 4,000,000, rejesho ni 65,000 kwa mwezi na umekosa miezi 4. Katika hatua hii kinachotakiwa ni yale malimbikizo, yaani shilingi 260,000 pamoja na riba na adhabu za mkataba. Ukilipa hayo, kosa limekwisha na mkopo unaendelea kama zamani. Huu ndio muda wa bei rahisi, na ndio muda ambao watu wengi huutupa, kwa sababu notisi hii haina dalali, haina tangazo gazetini, ni barua tu.

Miezi 3 ikipita bila kulipa, benki huchagua njia. Inaweza kukushtaki, kumweka msimamizi wa kukusanya kodi za wapangaji, kuipangisha nyumba, kuichukua, au kuiuza. Ikichagua kuuza, kifungu cha 96 kinaitaka ikupe notisi ya kuuza, na haiwezi kukamilisha mauzo mpaka siku 40 zipite tangu ulipopewa. Nakala ya notisi hiyo inatakiwa ifike kwa watu wengine pia: mume au mke aliyetoa idhini ya rehani, mwenye mali mwenza, mdhamini, wapangaji, na mkopeshaji mwingine mwenye rehani juu ya mali hiyo hiyo. Tena inatakiwa ibandikwe mahali panapoonekana kwenye ardhi au karibu nayo.

Kutoka hapa bei imebadilika. Ili kukomboa sasa unatakiwa kulipa kila kilicholindwa na rehani, si malimbikizo peke yake, pamoja na gharama ambazo benki imeshaingia. Kwa mfano wetu, 260,000 imegeuka kuwa milioni 4 na zaidi. Benki inaweza kukubali kwa hiari yake kiasi kidogo na kupanga upya malipo, na mara nyingi hukubali, lakini hiyo ni maafikiano na yawe kwa maandishi. Neno la afisa wa mkopo kwa simu, "usijali, tumesimamisha", halimfungi dalali.

Baada ya siku 40 ndipo dalali anaingia. Kanuni za Madalali za mwaka 1997, kanuni ya 15, zinamtaka akupelekee taarifa ya mauzo pamoja na notisi ya siku zisizopungua 45 za kukomboa mali kwa kulipa kiasi kilichoandikwa kwenye maagizo ya benki. Siku hizo zikiisha hutangaza gazetini, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza.

Weka tarehe uone. Rejesho la tarehe 5 Januari halikulipwa. Notisi ya kwanza umeipata tarehe 10 Februari, na miezi 3 inaishia 10 Mei. Notisi ya kuuza imefika 15 Mei. Siku 40 zinaisha 24 Juni. Dalali amekuja 1 Julai; siku 45 zinakwenda hadi 15 Agosti. Tangazo limetoka 18 Agosti. Mnada hauwezi kuwa kabla ya 1 Septemba. Ni karibu miezi 8 tangu rejesho la kwanza kukosekana, na muda wote huo haki ya kukomboa iko hai. Kwa hiyo anayekwambia mtu alipigwa mnada "ghafla tu" ama hajui kilichokuwa ndani ya droo ya mtu huyo, au notisi hazikutolewa inavyotakiwa. Hili la pili hutokea, na ni jambo la kumpelekea wakili siku hiyo hiyo.

Hapa kuna imani moja yenye madhara makubwa: kwamba ukikataa kutia sahihi notisi, au ukimwambia mtoto aseme baba hayupo, mnada hauwezi kwenda. Unakwenda. Dalali anaruhusiwa kumpa notisi mtu mzima wa familia anayeishi nawe, na akikataliwa sahihi huandika cheti cha kueleza kilichotokea. Barua za benki nazo hupelekwa kwa anwani uliyoiandika kwenye hati ya rehani, hata kama sanduku hilo la posta uliliacha miaka 10 iliyopita. Kwa hiyo badilisha anwani kwa maandishi ukihama, na notisi ikija ipokee, andika tarehe na saa uliyoipata, kisha piga picha ya kila ukurasa. Tarehe hiyo ndiyo inayoanzisha hesabu zote za hapo juu. Bila tarehe, hata wakili mzuri hana pa kuanzia.

Siku ya mnada, wanaotaka kununua huja na amana inayoweza kurudishwa, mara nyingi hundi ya benki, wakapewa namba. Bei zikitajwa na nyundo ikagonga kwa bei iliyofikia kiwango cha chini kilichowekwa, mkataba wa mauzo umezaliwa, na haki yako ya kukomboa imekufa wakati huo huo. Haingoji salio lilipwe wala hati ibadilishwe jina. Mahakama ya Rufaa imeliweka wazi jambo hili tangu miaka ya 1980, na halijabadilika. Tena nyundo si njia pekee: benki inaweza kuuza kwa makubaliano ya faragha, na hapo haki hukoma makubaliano ya kuuza yanapofikiwa. Mnada ukikosa mnunuzi, au bei isifike, hakuna kilichouzwa, na haki yako ingali hai. Vivyo hivyo mnunuzi akishindwa kumaliza salio na mauzo yakavunjwa: mlango unaweza kufunguka tena, lakini usiujengee matumaini.

Ule mnada mwingine sasa. Tuseme hukuweka rehani yoyote. Ulidaiwa na muuzaji wa vifaa vya ujenzi, akakushtaki, akashinda, na mahakama ikaamuru kiwanja chako kiuzwe ili alipwe. Haya ni mauzo ya kutekeleza hukumu, na yanaongozwa na Amri ya 22 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Hapa mnunuzi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15, lakini mauzo hayakamiliki mpaka mahakama iyathibitishe. Katikati hapo ndipo kuna nafasi ya kweli ya kukomboa baada ya nyundo. Mwenye mali, au mwenye maslahi aliyoyapata kabla ya mauzo, anaweza kuomba mauzo yatenguliwe akiweka mahakamani vitu viwili: kiasi kilichotajwa kwenye tangazo la mauzo kwa ajili ya mdai, na asilimia 5 ya bei ya ununuzi kwa ajili ya mnunuzi, kumfuta jasho. Kiwanja kikiuzwa 4,000,000 na deni la hukumu ni 1,500,000, utaweka 1,500,000 na 200,000, jumla 1,700,000. Pesa hizo ziwe zimewekwa ndani ya siku 30 tangu siku ya mauzo. Si ahadi ya pesa, wala barua ya ndugu aliye Dubai, bali pesa zenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kumpa mtu ushauri wowote ni hili: anayeuza ni nani? Kama karatasi inataja rehani na Sheria ya Ardhi, saa yako inaisha kwa nyundo. Kama ina namba ya kesi na muhuri wa mahakama kwa ajili ya hukumu, una hizo siku 30.

Turudi kwa rehani. Je, mahakama haiwezi kusimamisha mnada? Inaweza, lakini kufungua kesi peke yake hakusimamishi kitu. Kinachosimamisha ni amri ya zuio, iliyotolewa na kufikishwa kwa benki na kwa dalali kabla ya nyundo. Ili kuipata unatakiwa kuonyesha kwamba kesi yako ina msingi na kwamba utapata hasara ambayo fidia haiwezi kuiponya. Hakimu au jaji akibaki na shaka, hupima nani ataumia zaidi. Hivi ni vipimo vilivyowekwa na mahakama mwaka 1973 na vingali vinatumika. Kubishania kiasi cha deni tu kwa kawaida hakutoshi, na mahakama zimesema hivyo mara nyingi. Yanayotosha mara kwa mara ni haya: notisi haikutolewa, siku hazikutimia, au nyumba ni ya familia na mume au mke hakutia sahihi wala hakutoa idhini ya rehani. Sheria haitambui rehani juu ya nyumba ya ndoa bila idhini hiyo. Thamani nayo ni hoja. Benki inatakiwa kufanya ukadiriaji wa thamani kabla ya kuuza, na bei ya chini ya mnada itokane na ukadiriaji usiozidi miezi 12.

Na hesabu ya deni? Hapo kuna kinga ambayo wakopaji wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 1 Mei 2007, kinasema mkopo ukishakuwa chechefu, yaani usiolipwa inavyotakiwa, riba haiwezi kupita deni la msingi lililokuwa linadaiwa siku hiyo. Kama ulikuwa unadaiwa 3,000,000 mkopo ulipoingia kwenye hali hiyo, riba inayodaiwa juu yake haiwezi kuzidi 3,000,000 nyingine, ukiongeza gharama za kudai. Ukipewa hesabu ya milioni 9, omba mchanganuo wa mwezi kwa mwezi.

Kukomboa kwenyewe ni kazi ya karatasi na ya saa. Andika benki ukiomba taarifa ya kiasi cha kukomboa, itaje tarehe ya mwisho ya kiasi hicho, riba ya kila siku baada ya tarehe hiyo, na gharama za dalali na wakili. Pesa nazo zina njia zake: hundi ya zaidi ya shilingi milioni 1 haipiti Kenya tangu 2009, na M-Pesa haikuruhusu kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja au 500,000 kwa siku. Kwa hiyo milioni 4 zitakwenda kwa RTGS, ile njia ya kuhamisha pesa nyingi kutoka benki hadi benki, na RTGS ina saa zake za kufungwa. Anayeanza kuhamisha pesa asubuhi ya mnada anahatarisha kila kitu, hata akiwa nazo kamili. Lipa siku kadhaa mapema, chukua uthibitisho, kisha hakikisha benki imemwandikia dalali kusitisha mnada na wewe una nakala.

Usipokuwa na pesa kamili, bado kuna njia mbili za maana kabla ya nyundo. Moja ni kumtafuta mnunuzi mwenyewe, kwa ridhaa ya benki. Nyumba inayouzwa na mwenyewe, mnunuzi akiingia na kukagua vyumba na kisima, hupata bei nzuri kuliko ile inayouzwa kwa nyundo. Nyingine ni kuhamisha mkopo kwenda kwa mkopeshaji mwingine anayelipa deni na kuchukua rehani, mawakili wakibadilishana ahadi za maandishi. Zote huchukua wiki nyingi, na ndiyo sababu zile siku 45 za dalali si za kusubiri.

Na kama nyundo imeshagonga? Nyumba kwa kawaida imekwenda, kwa sababu sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hata kama benki ilikosea hatua. Dawa yako hapo ni kuidai benki fidia. Mnunuzi aliyeshiriki udanganyifu, au aliyeujua, hana kinga hiyo. Angalia pia bei. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, yaani 6,000,000 au pungufu kwa nyumba ya 8,000,000, sheria inachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake, na ni juu ya benki kuthibitisha vinginevyo. Unaweza kuiomba mahakama itangaze mauzo hayo kuwa batili.

Jambo ambalo familia husahau kwa sababu ya majonzi ni salio. Pesa ya mnada inagawanywa kwa mpangilio: kwanza ushuru wa kaunti na kodi za ardhi, kisha rehani za awali kama zipo, kisha gharama za mauzo, kisha deni la benki inayouza, kisha rehani za baadaye, na kinachobaki ni chako. Nyumba ikiuzwa 7,500,000, ushuru wa kaunti ukiwa 180,000, gharama 350,000 na deni 5,200,000, wewe unadai 1,770,000. Andika barua ukitaka hesabu ya mauzo kwa maandishi, yenye bei ya nyundo na kila makato.

Aliyefanikiwa kukomboa naye asikae kabla ya hatua ya mwisho. Risiti ya malipo haiondoi rehani kwenye daftari la ardhi. Benki lazima itoe hati ya kuachilia rehani, hati hiyo isajiliwe kwa msajili wa ardhi, na hatimiliki irudi mkononi mwako. Baada ya hapo fanya sachi, yaani ukaguzi rasmi wa daftari hilo. Kwenye sehemu ya tatu ya daftari, ile ya mizigo juu ya ardhi, jina la benki liwe limeondolewa. Kama bado lipo, rudi benki na barua.